Boulders, Simon's Town: pengwini wa Afrika na bahari inayowalisha

Kwa wenye haraka natoa hukumu mapema: Boulders ni mahali pa nyota tano, mradi ujipange mwenyewe na ujipe muda. Ukipelekwa na gari la watalii, likakushusha na kukuita tena kabla hujatulia, utaona ndege weusi na weupe wamesimama mchangani, utapiga picha, utaondoka hujui wanafanya nini pale. Nimekwenda kwa njia zote mbili. Tofauti ni kubwa mno, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, Tanga. Marehemu mama yangu alikuwa akianika na kuuza dagaa, kwa hiyo nimekua najua siku za giza ndizo za kazi na siku za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu. Kila mwaka nafundisha mikondo ya bahari. Wanafunzi wanakariri vizuri tu: Benguela baridi upande wa magharibi wa Afrika Kusini, Agulhas joto upande wa mashariki. Na kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza: mwalimu, hao pengwini wa Afrika Kusini wanaishije bila barafu? Najibu kwa ramani na chaki. Desemba shule zilipofungwa nikaenda Cape Town kwa mdogo wangu anayefanya kazi huko, na swali la wanafunzi wangu nikaenda nalo.

Kwanza mahali penyewe. Boulders ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain, chini ya SANParks, shirika la hifadhi za taifa la Afrika Kusini. Iko pembeni mwa mji mdogo wa Simon's Town wenye kambi ya jeshi la majini, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Cape Town, ndani ya ghuba iitwayo False Bay. Barabara inapita Muizenberg, Kalk Bay na Fish Hoek, na kuanzia Muizenberg bahari iko mkono wa kushoto, usilale garini. Kuna sehemu mbili za kuingia. Moja ni Foxy Beach, ambako unatembea juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, pengwini wako chini yako, pembeni yako, na mbele yako ufukweni. Nyingine ni ufuko wa Boulders wenyewe, wa kuogelea, uliozungukwa na majabali makubwa ya itale yaliyolainishwa na maji na upepo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna njia ya miguu, Willis Walk, inayopita nje ya uzio kando ya vichaka, na hapo unaona viota bila kulipa chochote.

Mara ya kwanza nilikwenda na kampuni moja ya utalii inayozungusha watu rasi nzima kwa siku moja: sili, pengwini, Cape Point, chakula, kurudi. Jina lake sitalitaja. Pale Boulders tulikaa muda wa kufika mwisho wa njia ya mbao na kugeuka, saa sita mchana jua likiwa utosini, watu wamebanana kwenye kizuizi cha mbao kiasi kwamba mtoto mfupi haoni kitu. Kuna baba alikuwa akimnyanyua binti yake juu ya mabega na bado yule mtoto akawa anaona simu za watu tu. Nilirudi nimeudhika. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, usihesabu hiyo. Chukua gari la kukodi, nenda mwenyewe asubuhi."

Nikaenda. Dereva alikuwa kijana wa Bukavu, na tulipogundua kwamba wote tunasema Kiswahili safari ikawa fupi. Wakongo ni wengi Cape Town, na Kiswahili chao kina ladha yake. Tulipofika lango lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, na kwenye maegesho hapakuwa na basi hata moja.

Sasa niseme nilichokiona, kwa sababu hapo ndipo thamani ya tiketi ilipo.

Pengwini wa Afrika si mkubwa. Urefu wake ni sentimita 60 hadi 70, akisimama anakufikia chini ya kiuno, na uzito wake ni kama kilo tatu. Ana mstari mweusi unaozunguka kifua kama upinde, na madoa madogo ambayo hayafanani kwa ndege wawili. Juu ya jicho ana ngozi tupu ya rangi ya waridi. Usiipite ngozi hiyo, iangalie vizuri. Ndege akipata joto, damu nyingi inapelekwa pale ikapoe kwa hewa, na rangi inakolea. Asubuhi ilikuwa waridi hafifu. Jua lilipopanda nikaona wengine imekuwa nyekundu kabisa, midomo wazi, wanahema. Huyu ni ndege aliyevaa koti la kuogelea kwenye maji baridi, na hawezi kulivua akifika nchi kavu. Mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya bahari. Ardhini anakuja kwa sababu yai halitagwi majini.

Na hapo ndipo lilipo jibu la wanafunzi wangu. Pengwini hafuati barafu. Anafuata samaki, na samaki wadogo wa makundi makubwa wanafuata maji baridi yenye rutuba. Barafu ni makao ya aina chache tu. Kuna aina 18 za pengwini duniani. Emperor, mkubwa kuliko wote, ndiye anayezaa juu ya barafu ya Antaktika katikati ya baridi kali, na ni picha yake iliyojaa vitabuni mpaka watu wakadhani wote wako hivyo. Wengine wako Peru na Chile kando ya jangwa, Argentina, Australia, New Zealand. Wako hata visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador, kwenye mstari ule ule wa ikweta unaopita Nanyuki. Wanaishi pale kwa sababu mkondo wa Humboldt unaleta maji baridi kutoka kusini, na mkondo mwingine wa chini ya bahari, wa Cromwell, unagonga visiwa upande wa magharibi na kupandisha maji baridi juu. Maji hayo yakikosekana, kama inavyotokea miaka ya El Niño, wanakufa njaa kwa wingi.

Cape Town nililithibitisha hilo kwa miguu yangu mwenyewe. Siku moja kabla, mdogo wangu alinipeleka Camps Bay, upande wa Atlantiki. Jua kali, mchanga unachoma, watu wamejaa. Nikasema niingie maji hadi magotini. Sikuweza kusimama, mifupa ya vifundo iliuma kwa baridi, nikatoka mbio. Maji yale wakati wa kiangazi yanaweza kuwa nyuzi 10 au 12 hivi, na kiangazi ndicho kipindi chake cha baridi zaidi. Hili huwachanganya wageni wengi, nami nalipenda kulieleza, kwa hiyo mnivumilie.

Desemba kwetu Tanga ni kaskazi. Kule Rasi, upande wa Cape Town, miezi hiyo hiyo, unavuma upepo mkali wa kusini-mashariki, siku mbili tatu mfululizo, unaopeperusha mchanga usoni na kufunika Table Mountain kwa wingu jeupe. Upepo huo unavuma sambamba na pwani ya magharibi kuelekea kaskazini. Unasukuma maji ya juu, na kwa sababu dunia inazunguka, katika nusu ya kusini ya dunia maji yanayosukumwa yanapinda kushoto, yaani yanaondoka pwani kuelekea bahari kuu. Pengo lazima lizibwe, na linazibwa na maji kutoka chini, ya baridi, yaliyobeba mbolea ya kila kilichooza na kuzama. Mbolea hiyo ikikutana na jua la kiangazi, planktoni, viumbe wadogo mno wanaoelea majini, wanachanua. Dagaa wanakula planktoni. Pengwini wanakula dagaa. Ndiyo mkondo wa Benguela huo, tunaouandika ubaoni kwa mshale wa buluu.

Samaki wenyewe ni wawili hasa: sadini, na wale dagaa wembamba wa jamii moja na hawa tunaowaita dagaa mchele pwani kwetu. Nilipoona picha yao nikacheka kwa furaha. Mama yangu angewajua kwa mbali.

Kwa nini basi kwetu hakuna pengwini, na dagaa tunao? Bahari yetu ni ya joto, nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi, ukifika karibu na Afrika unagawanyika: tawi moja linapanda Tanzania na Kenya, jingine linashuka kwenye mlango wa Msumbiji na kulisha Agulhas. Kwa hiyo joto la Tanga na joto la Durban ni watoto wa mama mmoja. Dagaa wetu wapo, lakini si kwa wingi wa kulisha ndege anayetaka shibe kila siku na asiyeweza kuruka kuwatafuta mbali. Ndiyo maana ukiangalia ramani ya pengwini wa Afrika, wanazaa Namibia na Afrika Kusini tu, wanaishia upande wa mashariki kwenye visiwa vya ghuba ya Algoa, karibu na Gqeberha. Mbele ya hapo Agulhas inatawala. Na ukanda huo wa bahari ya joto unaozunguka dunia ndio uliowazuia pengwini wote kwenda kaskazini. Wangefika huko wangekuta maji baridi na samaki tele, lakini pia dubu na mbweha wa barafu. Asili yao ni kusini, na bahari ya tropiki imekuwa ukuta.

Boulders yenyewe ina jambo lake la pekee: haikuwa koloni la zamani. Kwa kawaida ndege hawa walizaa visiwani, mbali na chui na mbwa. Mwaka 1982 jozi mbili zilianza kuzaa hapa, katikati ya nyumba za watu. Zikaongezeka hadi wakafika ndege wapatao 3,000. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba uvuvi wa kibiashara wa nyavu kubwa ulipunguzwa ndani ya False Bay, chakula kikaongezeka. Sababu nyingine utaiona ukisimama pale: majabali yanakinga mawimbi na kutoa kivuli, vichaka vizito vinaficha viota, na makazi ya watu yanawaweka mbali kidogo wanyama wakali. Ni nyumba nzuri. Maji ya False Bay pia si makali kama ya Camps Bay. Upande wa kuogelea niliingia, nikakaa, nikatoka kwa hiari yangu.

Nilikuwa peke yangu kwenye njia ya mbao kwa muda mrefu wa kutosha kusikia. Pengwini hawa wanalia kama punda, sauti hasa ya punda, mtu akikufumba macho utaapa uko Lamu. Dume mmoja alisimama mlangoni pa kiota, akanyoosha shingo juu, akatanua mabawa na kuanza, jirani akajibu, baadaye kichaka kizima kikawa kinalia. Chini yangu jike lilikuwa limelala kwenye kiota cha kutengenezwa na watu, mfano wa nusu chungu kilichozikwa mchangani, na mbele yake kifaranga mwenye manyoya ya kahawia anamgonga mdomo akidai chakula. Wanataga mayai mawili, wanaatamia kwa zamu baba na mama kama siku 40. Mmoja akiwa baharini mwingine hawezi kuondoka, maana shakwe wanasubiri pembeni. Asiporudi aliyekwenda, au akichelewa kwa kuwa samaki wako mbali, aliyebaki hatimaye hushindwa na njaa akaliacha yai. Niliwaona shakwe wakitembea kati ya viota bila haraka yoyote, na nilitamani kuwatupia kiatu.

Vile viota vya kutengenezwa vina historia chungu. Zamani ndege hawa walichimba mashimo ndani ya tabaka nene la mavi yao yaliyorundikana visiwani kwa karne nyingi. Humo mlikuwa na ubaridi na usalama. Miaka ya 1840 mabaharia waligundua kwamba mavi hayo, guano, ni mbolea yenye bei Ulaya. Wakavamia kisiwa cha Ichaboe, pwani ya Namibia, mamia ya meli, wakakikwangua hadi mwamba. Visiwa vingine vikafuata. Pengwini wakabaki wanataga juu ya ardhi tupu, jua likiwapiga. Mayai nayo yalikusanywa kwa maelfu kwa maelfu kuliwa mezani, hadi miaka ya 1960 ilipokatazwa. Kisha mafuta ya meli: Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama kati ya Robben Island na Dassen, pengwini karibu 19,000 wakachafuka mafuta, na SANCCOB, shirika la kuokoa ndege wa baharini, pamoja na maelfu ya watu wa kujitolea wakawaosha mmoja mmoja. Wengine karibu 19,500 ambao walikuwa bado safi walisafirishwa kwa malori hadi Port Elizabeth, Gqeberha ya sasa, wakaachiwa warudi kwa kuogelea mamia ya kilomita, ili wakifika bahari iwe imesafishwa. Nikiwasimulia wanafunzi hili, darasa zima linanyamaza.

Lakini tatizo la leo ni samaki, na hapa naomba nisikilizwe. Tangu mwisho wa karne iliyopita makundi ya sadini na dagaa wale yamesogea mashariki, mbali na makoloni ya pwani ya magharibi, na kilichobaki karibu kinavuliwa pia na meli za nyavu za kuzungushia. Sadini wanakwenda kwenye makopo. Wale dagaa wembamba sehemu kubwa wanasagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo, kama ambavyo dagaa wa Ziwa Victoria wanavyoishia kwenye chakula cha kuku. Oktoba 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kupotea porini. Zimebaki jozi zisizofika 10,000 zinazozaa, mahali palipokuwa na zaidi ya milioni ya ndege karne moja iliyopita. Machi 2025 mashirika ya BirdLife South Africa na SANCCOB yalifikia makubaliano na wenye viwanda vya samaki, yakafanywa amri ya Mahakama Kuu: maeneo ya bahari kuzunguka makoloni sita yafungwe kwa uvuvi huo kwa miaka 10. Mimi ni mtoto wa dagaa, najua nyavu zikikaa nchi kavu mtu analala na njaa. Hata hivyo naunga mkono amri hiyo kwa moyo wote. Mvuvi anaweza kutupa nyavu mbele kidogo. Pengwini mwenye kifaranga anaweza kwenda umbali fulani tu na kurudi, na mpaka wake huo haujadiliwi.

Turudi kwenye huduma. Wahudumu wa hifadhi waliokuwa kwenye njia ya mbao wanajua kazi yao. Dada mmoja aliniona nimesimama sana mbele ya ndege aliyekuwa amechakaa, manyoya yananing'inia kama pamba ya godoro lililopasuka, macho nusu yamefumba. Nilidhani mgonjwa. Akanieleza kwamba ananyonyoka: kila mwaka wanabadili manyoya yote kwa pamoja, kama wiki tatu, na muda wote huo hawawezi kuingia majini kwa kuwa maji yatapenya hadi kwenye ngozi. Wanakaa na njaa, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea kabla. Wasipopata samaki wa kutosha kabla ya hapo, hawamalizi. "Ndiyo maana tunawaomba watu wasiwasogelee," akasema. "Ukimshtua akakimbilia majini, umemuua." Nilimshukuru sana. Nilipoangalia tena ufuko, nikawatambua kila mahali, wamesimama wakiupa upepo mgongo.

Kinachoharibu mahali hapa ni sisi wageni. Upande wa kuogelea pengwini wanapita katikati ya watu, na baadhi ya watu hawajizuii. Nilimwona kijana akilala chali karibu na ndege ili apate picha ya uso kwa uso, rafiki zake wakimzibia njia yule ndege asiondoke. Nilimfokea kwa sauti ya darasani, akainuka. Pengwini wanang'ata, na mdomo wao una makali ya wembe. Lakini hata wasingeng'ata, ndege aliyekuja nchi kavu kwa shida asiongezewe shida. Wazazi, shikeni watoto mikono, kaeni hatua kadhaa mbali, msiwape chakula. Nyuki pia, jamani, msichokoze chochote vichakani: Septemba 2021 pengwini zaidi ya 60 wa koloni hili walikutwa wamekufa kwa kuumwa na nyuki wa Rasi.

Kuhusu malipo: wenyeji wana bei yao, wageni wa mbali wana yao iliyo kubwa zaidi. Sisi Watanzania tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo beba pasi ya kusafiria na uulizie dirishani bei ya raia wa SADC kabla ya kulipa. Viwango hubadilika kila mwaka, kwa kawaida Novemba, basi usitegemee ulichosikia kwa aliyekwenda zamani. Tunza tiketi yako: ukitoka Foxy Beach utaihitaji kuingilia upande wa kuogelea siku hiyo hiyo. Anza Foxy, ndipo uende kuogelea, kwa kuwa ukishalowa na kuchoka hutakuwa na subira ya kutazama viota.

Harufu ipo, kali, ya mavi ya ndege na samaki. Mimi niliyekulia kwenye vichanja vya dagaa niliiona ya kawaida; mwenzangu mmoja wa gari la kwanza alifunika pua na mtandio muda wote. Upepo nao ni wa kweli. Chukua koti hata jua likiwaka, na kofia inayofungwa chini ya kidevu.

Chakula: nilikula kwenye mgahawa mmoja barabarani kuelekea mjini, hake wa kukaangwa na chipsi. Samaki mwenyewe mzuri, mweupe, laini, lakini chipsi zimeloa siki na bei ni ya watalii. Mwenye familia kubwa afungashe chakula nyumbani, akile mbali na ufuko wa pengwini.

Tulipokuwa tunaondoka, dereva wangu hakuwasha gari. Akazunguka, akainama upande huu, akainama upande ule. "Mama, lazima tuangalie chini ya motokari kwanza," akaniambia, akanionyesha kibao cha maegesho kinachosema hivyo hivyo. Pengwini hupenda kivuli cha magari. Hakukuwa na kitu safari hii, ila gari la jirani wenye nalo walikuwa wamepiga magoti wakimbembeleza mmoja atoke karibu na gurudumu la nyuma, naye hana habari nao.

Kwa anayepanga: Novemba hadi Januari utawakuta wengi wananyonyoka na watu ni wengi, hivyo uwe langoni linapofunguliwa. Machi hadi Mei ndipo kuzaa kunapamba moto, na watalii wamepungua. Ukitaka kuwaona wakitoka baharini makundi kwa makundi, matumbo yamejaa, nenda alasiri, ila angalia saa ya kufunga kwa sababu miezi ya baridi lango hufungwa mapema. Mwenye gari lake na siku ya ziada aendelee upande wa pili wa ghuba hadi Stony Point, Betty's Bay, koloni jingine la nchi kavu lenye watu wachache zaidi. Mimi nimelipangia likizo ijayo, na safari hiyo nitamchukua mwanafunzi mmoja aliyeongoza mtihani wa mikondo ya bahari, kama wazazi wake wataniruhusu.